Ghairi

Simu ya Android iliyowekwa Kiswahili ina kitufe cha "Ghairi". Neno limechaguliwa vizuri. Asili yake ni Kiarabu, nasi tunalitumia kwa mtu aliyebadili nia kwa hiari yake. Muuzaji kwenye soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, asipopendezwa na bei ya gramu huifunga dhahabu yake akaondoka. Ameghairi. Hakuna anayemwambia ameshindwa kuuza.

Programu za simu humwambia mtumiaji hivyo kila siku. Mchimbaji wa Katoro au mama lishe wa Kahama anabonyeza "Ingia kwa Google", dirisha la kuchagua akaunti linafunguka, anasita, anarudi nyuma. Papo hapo anaandikiwa kwa maandishi mekundu: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Hitilafu ipi?

Mitambo yenyewe hutofautisha. Kwenye Android, huduma ya zamani ya kuingia ya Google hurudisha namba 12501 mtumiaji akighairi, 12500 kuingia kukishindikana, na 7 mtandao ukileta shida. Apple nao wana 1001 ya kughairi. Ni mwandishi wa programu anayezichanganya zote, kwa uvivu tu.

Ikija 7, mwambie mtu kuwa mtandao unasumbua. Huko machimboni atakuelewa haraka. Ikija 12501, mrudishe alipokuwa na umwachie njia nyingine, kama kuingia kwa namba ya simu. Vipi kuhusu "Umeghairi kuingia"? Hata hilo la ziada. Anajua.