Kutoka orodha ya mkutano hadi kitabu

Mkutano wa wamisioni wa Edinburgh, mwaka 1910, uliacha vitabu 9, ndiyo maana tungali tunausoma. Siku hizi kitabu cha mkutano wa wataalamu huanzia kwenye programu ya kompyuta. Mojawapo ni Indico, iliyotengenezwa CERN, kituo cha fizikia karibu na Genève. Ilianza kutumika mwaka 2004, na hutolewa bila malipo.

Kazi huenda hivi:

1. Mtoa mada huandika majina yake, chuo, kichwa cha mada na muhtasari.
2. Kamati husoma, hukubali au hukataa.
3. Kila mada hupewa siku na saa. Hiyo ndiyo ratiba.
4. Programu hukusanya mihtasari kuwa kitabu, pamoja na orodha ya waandishi. Makala kamili hupitia kwanza kwa wahariri.

Hakuna anayenakili upya kwa mkono. Basi kosa la siku ya kwanza hufika hadi kitabuni. Kadi ya mpiga kura ya Mkongo ina jina, postnom na prénom. Fomu ya Indico ina nafasi mbili tu. Ukijiandika leo hivi na kesho vile, wasomaji watadhani ni watu wawili, na nusu ya jasho lako haitaonekana kuwa yako.

Wapendwa vijana wa Luberizi mnaosoma Bukavu, chagueni namna moja ya kuandika majina yenu, muishike. Nanyi wazazi, wakumbusheni.