Shule Zikifungwa: Watoto wa Gusii na Nyumba Zilizowapokea

Mwaka wa masomo unapokwisha, matatu kutoka Nairobi na Nakuru hushusha watoto Keroka, Kisii mjini na Nyamira, mabegi mgongoni, wakielekea kwa nyanya zao. Likizo ni wakati wa kurudi nyumbani. Kwa mtoto aliyefiwa na wazazi, au anayelelewa na watu wasiomzaa, ndio wakati swali moja humkaba koo: ataenda kwa nani? Jamii ya Abagusii wa Kenya imelijibu swali hilo kwa namna nyingi, na historia ya majibu hayo inastahili kusomwa na kila anayepanga kambi ya watoto leo.

Wamarekani walilijibu kwa kambi za kiangazi. Mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwapeleka wanafunzi wake kupiga hema mwaka 1861, na watu wengi huitaja safari hiyo kuwa mwanzo wa desturi hiyo nchini mwao. Mwaka 1985, huko California, ikaanzishwa Royal Family KIDS, kambi ya kanisa kwa watoto walioondolewa kwa wazazi wao na kuwekwa chini ya walezi wengine. Huko mtoto wa kulelewa hupewa wiki yake, pamoja na wenzake waliopitia hali kama yake.

Gusii ilianza kwingine kabisa. Kabla ya Waingereza kuushika utawala, vijana wa kiume ambao hawajaoa waliishi ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizokuwa mbali na maboma ya wazazi. Kazi yao ilikuwa kulinda mifugo dhidi ya wavamizi wa Kipsigis na Kimaasai. Baada ya misafara ya kijeshi ya Waingereza ya 1905 na 1908, ile ya pili ikifuata kisa cha Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumchoma mkuki ofisa wao Northcote, serikali haikutaka kuona vijana wenye silaha wakikaa pamoja mbali na wazee. Karibu mwaka 1912 ebisarate zikapigwa marufuku. Ng'ombe wakarudishwa bomani, na vijana nao.

Utawala ulikuwa na sababu zake, lakini kwa kijana asiye na baba hasara ilikuwa kubwa. Kambini alikuwa mlinzi kama walinzi wengine, akala walichokula na kulala walikolala. Hapakuwa na kibanda cha yatima.

Watoto wadogo zaidi walikuwa na mpango mwingine. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi katika kijiji kimoja cha Gusii kati ya 1955 na 1957 na kukiandika kitabuni kwa jina la Nyansongo, walieleza kwa kina kazi ya omoreri: dada mwenye miaka sita hadi kumi hivi, anayembeba mtoto mchanga mama akiwa shambani. Mtoto akishaachishwa kunyonya, mara nyingi alihamia kwa magokoro, bibi yake, akala na kulala huko. Kwa hiyo mtoto wa Kigusii alizoea mikono mingi tangu utotoni. Kifo cha mama kilileta uchungu ule ule unaojulikana popote duniani, ila hakikumtupa mtoto mahali asipopajua. Baba alipofariki, ndugu yake aliitunza nyumba ya mjane, na watoto wakaendelea kuhesabiwa kuwa wa marehemu, pamoja na haki ya shamba lake.

Hapo kwenye shamba ndipo mambo yalipokuja kuharibika, na tutafika huko.

Jibu lenye uzito kuliko yote lilikuwa obwari, kipindi cha wavulana kukaa kando baada ya kutahiriwa. Mtaalamu Philip Mayer alichapisha maelezo yake mwaka 1953, na wazee wengi wa Kisii bado wanaweza kuyathibitisha. Wavulana wachache wa rika moja waliwekwa katika kibanda kimoja kwa takriban mwezi mzima. Ndani mlipandwa nyasi za esuguta, nao walipaswa kuutunza moto usizimike hata mara moja mpaka siku ya kutoka. Omosegi, kijana aliyewatangulia, aliwaangalia, akawafunza na kuwaonya. Usiku wakubwa waliwatisha kwa ngurumo ya enyabububu, mnyama asiyeonekana, ili wajifunze kuvumilia hofu. Chakula kilitoka majumbani, na kilikuwa kingi. Aliyetoka obwari hakulala tena nyumbani mwa mama. Alihamia esaiga, nyumba ya vijana, na tangu siku hiyo alifungwa na masharti ya heshima kwa kizazi cha wazazi wake.

Yatima naye alipita mlango huo huo. Ikiwa baba hayupo, baba mdogo au mkubwa alisimama mahali pake, kwa sababu ukoo ndio uliokuwa ukimpokea mtu. Moto ulikuwa mmoja, na kila aliyemo kibandani alikuwa na zamu ya kuulinda. Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka katika historia hii: hadhi yake kama mwana wa ukoo ilithibitishwa mbele ya rika lake, bila yeye kutengwa ili ahurumiwe.

Haitakuwa haki kuzisifu desturi hizi bila kusema walilopata wasichana. Wao pia walikuwa na kipindi chao cha kukaa kando, ila kilianza kwa kukeketwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008 na 2009 ulionyesha kuwa wanawake 96 kati ya kila 100 wa jamii hiyo walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2014 ukaonyesha 84. Sheria ya 2011 ilipiga marufuku kitendo hicho kote nchini. Kabla ya hapo, Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH walikuwa wameanzisha njia mbadala kule Tharaka mwaka 1996, na baadaye mpango huo ukafika Gusii. Huko Nyamira, ADRA, shirika la misaada la Waadventista, lilifanya kazi hiyo pia. Wasichana hukusanywa shuleni au kanisani wakati wa likizo, hufundishwa kuhusu mwili, masomo na heshima, kisha hutolewa kwa sherehe mbele ya wazazi. Mafunzo ya rika yalibaki na wembe ukaondolewa. Hayo ni mageuzi mema.

Waadventista walifika Nyanchwa, karibu na Kisii mjini, mwaka 1912, karibu wakati ule ule ebisarate zilipokuwa zikikoma. Walikuja na makambi, mikutano ya wiki nzima ambayo kanisa lao lilianza kuifanya Wright, jimbo la Michigan, mwaka 1868. Makambi yakashika mizizi Gusii kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mwezi wa Agosti, familia hufunga nyumba, hubeba sufuria na blanketi, na watoto hupewa hema lao na walimu wao. Chama cha Watafuta Njia, kilichotambuliwa rasmi na kanisa hilo duniani mwaka 1950, kiliongeza gwaride, mafundo ya kamba na safari za kulala nje.

Kisha ukaja Ukimwi. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999, na Nyanza, mkoa uliojumuisha Gusii wakati huo, ndiyo iliyoumia zaidi. Bibi mmoja alijikuta na wajukuu wa nyumba mbili au tatu. Mashamba nayo yalikuwa yamegawanywa hata yakawa vipande, na urithi wa yatima, uliokuwa kinga yake zamani, ukawa sababu ya baadhi ya jamaa kumtamani au kumfukuza. Nyumba za watoto zikaongezeka.

Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa nyumba mpya za namna hiyo. Nyamira, pamoja na kaunti kama Kisumu na Kilifi, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kujaribu kuwarudisha watoto kwenye familia. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaimarisha malezi ya jamaa na malezi ya kambo, na mkakati wa taifa wa mwaka huo ukaweka miaka kumi, hadi 2032, kukamilisha mageuzi hayo.

Watoto hao wanaporudi kwenye familia, kambi za likizo zitakuwa na maana kubwa kwao. Kuwatengea kambi yao peke yao kuna faida pale wanapohitaji mshauri wa majeraha ya moyo, na hilo lisipuuzwe. Kwa wengi wao, hata hivyo, historia ya Gusii inaelekeza kwingine: waingie makambi ya Agosti na mafunzo ya rika ya Desemba pamoja na watoto wa nyumba inayowalea. Makanisa, machifu na ofisi za watoto wa Kisii na Nyamira waulizane mapema, kabla shule hazijafungwa, ni mtoto yupi katika kila kijiji hajaandikishwa kwa kukosa ada au kwa kukosa wa kumsemea. Wamlipie, na jina lake liandikwe katika orodha moja na wenzake.