Redio Haikurudi Nyuma

Najua nimepotea. Nilikuwa hapa hapa Majengo, Mpanda, najifunza kupiga gitaa la besi. Tena bila kitabu wala mwalimu, kwa kusikiliza tu.

Msicheke. Jumamosi moja mpiga besi wa bendi ya jirani hakufika harusini, nikasukumwa jukwaani. Wimbo wenyewe ulikuwa kwenye simu yangu, nimeshaurudisha nyuma mara mia, kila noti naijua. Kasheshe ilianza pale mwimbaji alipoona bibi harusi kanogewa na kucheza, akaamua kurefusha. Sehemu hiyo kwenye simu haimo! Vidole vikagoma. Dramu ikabaki inalia peke yake, watu wakageuka kunitazama...

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye ujanani alipiga besi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza aibu yangu. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe ulijifunza wimbo au ulijifunza besi?"

Swali hilo limenifanya nifukue historia kidogo. Twende pamoja.

Besi ya umeme ni chombo kichanga. Leo Fender wa California aliiingiza sokoni mwaka 1951, nyuzi nne, zimefungwa sauti kama ile besi kubwa ya kusimama wanayopiga wana taarab wa Zanzibar. Bendi za dansi zilikuwepo kwetu kabla ya hapo. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Lakini magitaa ya umeme yalipoenea miaka ya 60, shule ya kuyafundisha haikuwepo.

Halafu vyombo havikuwa mali ya mwanamuziki. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki akihama aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Kijana asiye na bendi aliishika besi pale tu wakubwa walipokwenda kula.

Sasa mwalimu alikuwa nani? Redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi studioni kwake, kundi zima likipiga kwa pamoja. Waliotaka santuri walifunga safari hadi Nairobi. Wimbo ukipita hewani leo, hujui utausikia tena lini. Mzee anasema alikuwa anatega sikio huku vidole vinatembea kwenye ubao wa kitanda. "Nilichokikosa," anasema, "nilikijaza mwenyewe."

Soma hapo mara mbili. Huko kubuni papo hapo tunakokuita kipaji kulianza kama njia ya kuziba pengo! Redio haikurudi nyuma, kwa hiyo mkono ulilazimika kwenda mbele. Sisi wa simu hatuna pengo la kuziba.

Na sikio la huku lilikula kutoka pande nyingi. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi, hivyo Tabora ikawa jirani, nako Tabora Jazz ilikuja kutamba na mtindo wake wa Segere Matata. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kongo, na wanamuziki wake walikuja. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy.

Mwaka huo huo ilizaliwa Mlimani Park. Mtindo wake, Sikinde, umechukua jina la ngoma ya Wazaramo. Sikiliza besi ya dansi letu: inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inasema tena. Ni ngoma ile ile, imehamia kwenye nyuzi.

Masomo ya mzee ni mepesi kuyaeleza. Imba kwanza kile unachotaka kupiga; usichoweza kuimba hutakipiga. Itafute do, halafu fa na so. Wimbo mmoja upige kwa funguo tatu tofauti, simu ikiwa imezimwa. Ikifika chemko, punguza noti, usiongeze. Ukipotea, nyamaza mapigo mawili kisha rudi do. "Ukimya nao ni besi, mwanangu."

Jumamosi iliyopita nimerudi jukwaani. Mwimbaji akarefusha tena. Nikanyamaza mapigo mawili, nikaitafuta do, nikaingia. Noti mbili nilikosea, lakini hakuna aliyegeuka. Mzee alikuwa nyuma kabisa anakula pilau, wala hakuinua kichwa. Nimeihesabu hiyo kuwa sifa.

Haya jamani. Kama mtaani kwako kuna mzee aliyewahi kushika besi, nenda kampe shikamoo kabla hujafungua simu. Tuonane tena.