Mwongozo sahihi huokoa plau kuukuu ya trekta

PLAU ya trekta iliyotelekezwa nyuma ya ghala kwa miaka mingi huonekana kama chuma chakavu kinachongoja kuuzwa kwa kilo. Hata hivyo, plau nyingi za zamani ziliundwa kwa chuma imara na zinaweza kurejea shambani zikikarabatiwa ipasavyo.

Aghalabu kikwazo kikuu si kutu, bali ni kukosekana kwa kitabu cha maelekezo. Fundi asiye na kitabu hulazimika kubahatisha. Mwenye kitabu kisicho sahihi hupotea zaidi, kwani hununua vipuri visivyotoshea na kutoboa matundu mapya pasipohitajika.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kutafuta kitabu cha trekta badala ya kitabu cha plau. Trekta ya Massey Ferguson 135, mathalani, inaweza kuwa imevuta plau ya kampuni nyingine kabisa tangu iliponunuliwa. Kitabu cha trekta hiyo hakitaeleza namna ya kurekebisha plau hiyo.

Majina nayo huchanganya. Kampuni ya Ransomes ya mjini Ipswich, Uingereza, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1789, iliwahi kuunda plau zilizouzwa kwa jina la Ford-Ransomes ili zitumiwe na trekta za Fordson. Anayetafuta kwa jina la Ford pekee huenda asipate anachokihitaji.

Harry Ferguson naye alishirikiana na Henry Ford nchini Marekani kuanzia mwaka 1938, lakini ushirikiano huo ukavunjika mwaka 1947. Wakati huo trekta ya Ferguson TE20 ilikuwa tayari ikiundwa Coventry, Uingereza, ambako zaidi ya 500,000 zilitengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956. Hivyo basi, plau mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa za viwanda tofauti, na kila moja ikawa na kitabu chake.

Jina lililo kwenye jalada pia husaidia kukadiria umri wa kitabu. Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na jina refu la Massey-Harris-Ferguson likatumika hadi lilipofupishwa kuwa Massey Ferguson mwaka 1958.

Soma chuma kwanza

Kabla ya kutafuta kitabu, mwenye plau anapaswa kuitambua plau yenyewe. Kibati chenye jina na nambari ya utambulisho kwa kawaida hufungwa kwenye fremu. Ikiwa kimeng'oka, kuna herufi na nambari zilizochomoza kwenye vyuma vya kusubu.

Sehemu hizo zisuguliwe kwa brashi ya waya, wala si kwa mashine ya kusagia chuma, ambayo inaweza kufuta maandishi. Kisha zipakwe chaki ili herufi zionekane, na zipigwe picha kabla ya rangi mpya kupakwa.

Tahadhari inahitajika hapa. Nambari iliyosubiwa kwenye chuma mara nyingi si nambari ya kipuri iliyo kwenye orodha ya mauzo. Fauka ya hayo, alama ya plau nzima ni tofauti na alama ya sehemu inayopindua udongo. Plau ya Ransomes TS59, kwa mfano, iliweza kufungwa sehemu za kupindua udongo za aina mbalimbali, zikiwemo zile zilizoitwa YL na Epic. Anayeagiza ncha za kukatia udongo anahitaji kuzijua alama zote mbili.

Vipimo navyo ni ushahidi. Kwa plau ya kupindua udongo, upimwe upana wa mfuo mmoja, ambao katika plau nyingi za zamani ni inchi 10, 12 au 14. Kwa plau ya diski, upimwe upana wa diski na zihesabiwe boliti zinazoishikilia. Pini za chini za kuunganishia plau na trekta zipimwe pia. Zile za daraja la kwanza zina unene wa milimita 22 na za daraja la pili milimita 28.

Vitabu vya aina tatu

Viwanda vilitoa vitabu vya aina tatu. Kitabu cha mwendeshaji hueleza kufunga, kurekebisha na kupaka grisi. Orodha ya vipuri huonyesha kwa michoro jinsi kila kipande kinavyokaa na nambari yake. Kitabu cha fundi wa karakana hufunza kufungua na kuunda upya.

Kwa kuwa plau haina injini wala giabosi, mara nyingi kitabu cha aina ya tatu hakikuchapishwa. Mkarabati hutegemea viwili vya kwanza, na kimoja hakitoshi. Orodha ya vipuri haimwambii jinsi ya kulima, na kitabu cha mwendeshaji hakimpi nambari za kuagizia.

Umuhimu wa kitabu cha mwendeshaji hudhihirika katika plau ya Ferguson. Plau hiyo haikuhitaji gurudumu la kudhibiti kina, kwa sababu nguvu inayosukuma nondo ya juu huiarifu haidroliki ya trekta iinue au ishushe plau. Asiyejua hilo anaweza kudhani kwamba gurudumu limepotea, akaunganisha jingine kwa kuchomelea na kuharibu mpangilio mzima.

Plau ya diski nayo hutegemea pembe mbili. Kwa kawaida diski huelekezwa kwa nyuzi 42 hadi 45 kutoka upande trekta inakoelekea, na kuinamishwa kwa nyuzi 15 hadi 25. Kitabu ndicho husema ni tundu lipi linaloleta pembe ipi.

Boliti pia zina siri. Plau nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1950 zilitumia boliti za Whitworth. Spana zake huandikwa unene wa boliti, si upana wa kichwa. Kulazimisha spana ya milimita humaliza kona za kichwa cha boliti.

Pa kutafuta

Muuzaji wa zamani wa mashine za kilimo ndiye wa kuulizwa kwanza, kwani vitabu husahaulika kwenye rafu za stoo. Tangu mwaka 1994, Massey Ferguson imekuwa chini ya kampuni ya AGCO ya Marekani, hivyo maswali kuhusu mashine zake huelekezwa huko.

Makavazi ya Maisha ya Mashambani ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, yaliyoanzishwa mwaka 1951, huhifadhi nyaraka za Ransomes na Massey Ferguson. Kwa mashine za McCormick na International Harvester, nyaraka zimo katika Shirika la Historia la Wisconsin, Marekani.

Kabla ya kulipia nakala, mnunuzi aombe picha ya jalada na ya ukurasa mmoja wa michoro. Alinganishe jina la modeli, nambari za utambulisho zinazohusika na idadi ya vipande. Mchoro ukitofautiana na chuma kilicho mbele yake, asinunue.

Kitabu kikipatikana, kitolewe nakala na asili ihifadhiwe mbali na grisi. Kila kipuri kilichobadilishwa kiandikwe pamoja na nambari yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatimaye, kitabu hakiondoi hatari. Plau iliyoinuliwa kwa haidroliki isifanyiwe kazi kabla ya kuegemezwa juu ya magogo au vyuma imara, maana paipu ya mafuta ikipasuka, plau huanguka papo hapo.