Kijana Mwenye Usonji Akikamatwa na Polisi

Kijana mwenye usonji akisimamishwa na polisi anaweza kukimbia, kuziba masikio, kutikisa mikono au kutazama chini bila kujibu. Asiyemjua atadhani ni mkaidi, amelewa au ana hatia. Mara nyingi ni hofu tu. Kelele, tochi machoni na kushikwa ghafla humlemea.

Jambo ninalowasisitizia sana akina mama ni kurudia maneno. Baadhi ya vijana wenye usonji hurudia swali walilosikia. Afisa anauliza, "Ulichukua simu?" Naye anasema, "Ulichukua simu." Likiandikwa haraka, linasomeka kama amekubali. Wengine husema "ndiyo" kwa kila kitu ili maswali yaishe. Mwambie afisa waziwazi: "Anarudia swali lako, hajalijibu." Ukiweza, muulize kijana mbele yake kama ana miaka mia moja, afisa ajisikilizie mwenyewe.

Nenda kituoni mara moja, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya daktari na dawa zake. Usichelewe kwa kutafuta karatasi. Zinaweza kuletwa baadaye. Mwombe OCS aandike kwenye OB kwamba kijana ana usonji, kisha uchukue nambari ya OB. Kama anatumia dawa za kifafa, litaje hilo kwanza, kwa sababu kuruka dozi kunaweza kuleta degedege.

Hapa Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Katiba inataka mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Yeyote aliyekamatwa, hata aliyepita miaka 18, ana haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Omba afisa wa watoto aitwe. Kijana asitie sahihi maandishi yoyote kabla ya wakili kuyasoma. Ukikwama, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Akirudi nyumbani, mkague mwili wote kwa upole, maana wengine hawasemi wanapoumia. Ukiona jeraha, mpeleke hospitali na uulizie fomu ya P3. Anaweza kukosa usingizi, kukataa chakula au kuanza tena kukojoa kitandani. Usimhoji usiku huo. Mrudishie ratiba yake ya kawaida. Mwache achore kilichotokea kama anapenda kuchora.

Kama hajawahi kukamatwa, mpeleke mapema kwa chifu, kwa wazee wa Nyumba Kumi na kituoni, wamwone akiwa ametulia. Mtengenezee kadi yenye maneno "Nina usonji" na nambari yako ya simu. Aivae shingoni, asiiweke mfukoni: kuingiza mkono mfukoni ghafla mbele ya polisi ni hatari.