Safu ya Lugha: Taslimu

Wachambuzi wa hisa wameanza kuandika "faida taslimu", na neno hilo linanikera kwa sababu linafunga pamoja vitu viwili visivyofanana. Taslimu limetoka Kiarabu, taslim, yaani kukabidhi. Ndugu yake ni kusalimu amri. Fedha taslimu, basi, ni zile zilizokwisha kutiwa mkononi. Faida ni hesabu ya vitabuni. Tazama Medtronic, watengenezaji wa vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo: hospitali ikichukua kifaa kwa mkopo, faida huandikwa leo, fedha huja baadaye. Kinyume chake pia hutokea. Tangu kampuni hiyo iliponunua Covidien mwaka 2015, faida yake imekuwa ikipunguzwa kila mwaka kwa kufuta kidogo kidogo thamani ya hataza na mali nyingine zisizoshikika, bila senti kutoka.

Mimi nasema "taslimu huru": fedha zilizoingizwa na biashara, ukitoa za mitambo na majengo. Zigawe kwa thamani ya hisa zote sokoni. Zikiwa 5 kwa kila 100, kiwango ni asilimia 5. Wala usikiite gawio. Gawio ni fungu ambalo bodi imeamua kuwapa wanahisa. Taslimu huru yaweza pia kulipa deni.