Mtoto kunenepa si alama kwamba anakula vizuri

Hapa kwetu Kasongo, mtoto mwenye mashavu makubwa akipita, watu wanamsifu mama yake: "Ule mutoto ananona, kwabo kuko chakula." Mara mingi ni kweli. Lakini kuna mashavu ambayo ni maji tu, na mtoto yule yuko hatarini.

Tuanze na huyo, juu yeye hawezi kungoja. Mtoto anayekula karibu bugali ya muhogo peke yake, zaidi kisha kuugua surua ao kuhara, anaweza kuvimba miguu, halafu uso. Nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, analia-lia, hataki kucheza. Ni kwashiorkor, ile ambayo Kivu wanaiita bwaki. Bonyeza kidole gumba juu ya miguu yake, hesabu polepole mpaka tatu, ondoa. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya leo, hata kama ni siku ya soko. Usidanganyike na utepe wa kupima mkono: mtoto aliyevimba anaweza kupimwa kijani na bado awe mgonjwa sana.

Sasa unene wenyewe. Katika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 19 zaidi ya milioni 390 wenye uzito kupita kiasi. Mzazi wa Kabambare atauliza: hiyo inatuhusu nini, sisi wenye kutafuta chakula? Ni kweli, katika Kongo watoto zaidi ya 4 kwa 10 chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao sababu ya kula vibaya. Lakini ni mtoto huyo huyo, akinyimwa chakula kizuri akiwa mdogo halafu akajazwa sukari akikua, ambaye ni mwepesi kuweka mafuta mwilini, na baadaye ugonjwa wa sukari na tansiyo.

Baba anarudi toka kwenye dhahabu Salamabila na makuta kidogo, ananunulia watoto sukre na biskwi. Anafanya hivyo kwa upendo, tusimcheke. Lakini chupa moja ya sukre ya santilita 33 iko na sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vidogo karibu 9. Makuta yale yale yangeleta mayai, ndagala ao karanga.

Vyakula tuko navyo. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji hapana. Kisha uji mzito, wenye karanga ama ndagala ya kusaga na kijiko cha mafuta ya ngazi, na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 ao zaidi. Sombe itwangwe na ipikwe sana, juu mbichi iko na sumu. Mchele wa Kasongo, ambao tunalima tangu wakati wa Tippu Tip, ni mzuri, lakini mchele na chai ya sukari si chakula cha mtoto anayekua. Na kuna desturi moja tunapaswa kuisema wazi: mtoto anapewa mchuzi, samaki inabaki kwenye sahani ya baba. Mchuzi uko na harufu ya samaki tu.

Kuhusu kucheza, OMS inaomba dakika 60 kila siku kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17. Mpira wa matambara, kuruka kamba, kwenda masomo kwa miguu, vyote vinahesabiwa. Binti anayebeba maji asubuhi na jioni anatembea vya kutosha. Yeye anakosa saa ya kucheza. Na mtoto mnene asiitwe majina ya kumtania, wala asinyimwe chakula: ondoeni sukre, mwacheni akue kimo.

Kupima watoto si kitu kipya hapa. Mradi wa Kasongo, ulioanza mwaka 1971 pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, uliandika katika 1983 kwamba kipimo kimoja cha mwili hakikutosha kuonyesha mtoto gani yuko karibu na kifo. Kwa hiyo siku ya kupima kilo, usiishie kusikia namba. Omba muganga akuonyeshe mstari kwenye karatasi ya mtoto: kama umelala kwa miezi miwili, ama umepanda haraka kupita mistari ya juu, muulize kabla hujatoka pale.